Dizeli ya Mwani: Jua Lipo, Bahari Ipo

Mwani unaokuzwa ili ukamuliwe mafuta si ule unaofungwa kwenye kamba kule Kibuyuni, pwani ya Kwale. Ni chembe za kijani zisizoonekana bila hadubini, zinazoishi kwa jua, hewa ya ukaa na virutubishi vya majini. Baadhi ya aina hujiwekea mafuta yanayofikia robo hadi nusu ya uzito wao mkavu. Yakichanganywa na methanoli na kostiki soda, hugeuka dizeli na gliserini.

Kinachofanya mwani huo utamaniwe ni ardhi. Upande wa bara wa Malindi, kampuni ya kigeni iliwahi kutaka hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha ipande mbono wa dizeli. Wenyeji na wahifadhi wakaja juu. Mwani haugombei shamba la mahindi wala maji ya kunywa.

Kwa hesabu hiyo Kikambala, pwani ya Kilifi, imejaliwa: jua, bahari mlangoni, na saruji ikichomwa jirani, Vipingo, ambako hewa ya ukaa hutoka kwa wingi. Kasoro iko chini ya miguu. Ardhi ya pale ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji hayatuami. Dimbwi sharti litandikwe plastiki, na hapo bei ya ploti ya ufukweni haijatajwa. Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, ni kwingine: matope mazito yanashika maji, ndiyo maana chumvi huanikwa huko.

Dimbwi lenyewe ni mfereji wa mzunguko, kina sentimita 30 hivi, na gurudumu la makasia husukuma maji ili kila chembe ipate mwanga. Taabu huanza siku ya kuvuna. Lita moja hubeba kama nusu gramu ya mwani, hivyo kilo moja hudai kuchujwa kwa tani 2 za maji, na umeme wa kuchuja na kukausha waweza kumeza nishati yote iliyotarajiwa. Tena mwani ukinyimwa naitrojeni hujaa mafuta, lakini hudumaa. Serikali ya Marekani ilitafiti mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996. ExxonMobil nayo ikaingia 2009, na kufikia 2023 ilikuwa imejitoa.

Mmojawapo unaolipa kwa sasa ni Dunaliella, mwani wa maji ya chumvi kali unaogeuka rangi ya chungwa kwa wingi wa beta-karotini. Australia na Israeli huukuza kwa ajili ya rangi za vyakula na vidonge vya vitamini, na kilo yake huuzwa kwa bei isiyokaribiwa na dizeli yoyote.