Namba 27,162,205 na Hesabu Tatu za Siku Unguja

Pwani ya Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, inaelekea magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana jua linapokuchwa. Kisiwani Unguja siku zimehesabiwa kwa njia tatu tangu zamani: wiki ya siku 7, mwaka wa Nairuzi, unaosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, ambao kwa mapokeo una miongo 36 ya siku kumikumi na siku 5 za ziada, yaani siku 365, na mwaka wa Hijria, unaofuata mwezi.

Ingawa miezi ya Hijria huanza kwa kuandama kwa mwezi, wanafalaki walitunga pia kalenda ya hesabu yenye mzunguko wa miaka 30, ambamo miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355, jumla yake siku 10,631. Jumla hiyo ikigawanywa kwa miezi 360, kila mwezi hupata wastani wa siku 29.53056, kiasi kilicho karibu sana na mwendo halisi wa mwezi hata tofauti yake hufikia siku moja baada ya miaka 2,500 hivi.

10,631 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kulithibitisha hilo kunatosha kuigawa kwa namba tasa 27 zisizozidi 103, kwa kuwa 104 ikizidishwa kwa yenyewe huipita, na kila mara hubaki kitu. Ikigawanywa kwa 7 hubaki 5. Kwa hiyo tarehe iliyoangukia Ijumaa huangukia Jumatano mzunguko unaofuata, na hairudi Ijumaa mwanzoni mwa mzunguko mpaka ipite mizunguko saba, yaani miaka 210.

Siku ambayo hesabu zote tatu zitaanza tena pamoja hupatikana kwa kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 7, 365 na 10,631. Kwa kuwa 365 ni 5 mara 73, hakuna mbili kati ya namba hizo tatu zenye kigawo cha pamoja isipokuwa 1, na kigawe chao ni zao lao zima: 27,162,205.

Lau mwaka wa Nairuzi ungekuwa na siku 364, ambazo ni wiki 52 kamili, kigawe hicho kingeshuka hadi 3,869,684, karibu sehemu moja ya saba. Siku moja tu ya mwaka ndiyo inayoleta tofauti hiyo, kwa sababu ukubwa wa kigawe hutegemea vigawo tasa kuliko urefu wa mizunguko. Kama zilivyo, hesabu hizo tatu zikianza siku moja, zitakutana tena baada ya miaka 74,417 ya Nairuzi, ambayo ni miaka 76,650 ya Hijria.