Maumivu Wasiyoyasema Waume Zetu

Mwanamume wa hapa Port Reitz akiumwa na jino, nyumba nzima hupata habari za jino hilo. Akiumwa kinenani, au katika ile sehemu iliyo baina ya tupu ya mbele na ya nyuma, hunyamaza. Usiku huamka kwenda chooni mara tatu au nne, mchana hukalia upande mmoja wa kiti, na kitandani humwepuka mkewe, naye mke hubaki akijiuliza amekosa nini. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza. Nasi kwa ruhusa hiyo tutayataja mambo kwa majina yake.

Chini ya kibofu cha mkojo mwanamume ana tezi dume, isiyozidi ukubwa wa kungu, na njia ya mkojo imepita katikati yake. Tezi hiyo, pamoja na misuli iliyo chini ya nyonga, yaweza kuuma kwa miezi na hata miaka. Maumivu huenea kwenye korodani na kiunoni, huzidi wakati wa kukojoa au baada ya kutokwa na manii. Yakishadumu miezi 3, matabibu huyaita sugu. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta dalili hizi kwa wanaume baina ya 2 na 10 katika kila 100, wengi wao wakiwa hawajafika miaka 50. Kuwa nazo si kuwa na saratani.

Hapa ndipo shaka huingia nyumbani: mke hudhani mume ametoka nje ya ndoa. Ni kweli kuwa kisonono na klamidia zaweza kuwasha moto katika tezi hiyo, ndiyo maana vipimo hufanywa, na zikionekana, mume na mke hutibiwa pamoja. Lakini wagonjwa walio wengi, kiasi cha 9 katika kila 10, hawaonekani na kijidudu chochote. Kumhukumu mtu kwa zina kwa sababu kinena chamuuma ni dhuluma, na dini yetu imeweka sharti zito zaidi ya hilo.

Naye mume, kwa kuogopa kuulizwa, huingia duka la dawa akanunua siprofloksasini ya siku tano. Hupata nafuu kidogo, maumivu yakarudi, akanunua tena. Mkojo ukithibitika kuwa na bakteria katika tezi, dawa hizo hutumiwa wiki 4 hadi 6 kwa uangalizi wa daktari. Pasipo na bakteria, kuzirudiarudia hakufai kitu, na siprofloksasini ina madhara yake, yakiwemo kuumiza kano za kisigino.

Tiba ya maumivu yasiyo na bakteria huchanganywa, na huenda polepole. Daktari hutoa dawa ya kulegeza shingo ya kibofu, kama tamsulosini, na ya kutuliza uvimbe. Mtaalamu wa viungo humfundisha mgonjwa kulegeza misuli ya nyonga. Tunasisitiza kulegeza: yale mazoezi ya kukaza ambayo mama aliyejifungua hufundishwa yaweza kumzidishia mwanamume huyu maumivu. Nyumbani, kukalia beseni la maji ya vuguvugu kwa robo saa husaidia wengi, na wengine huona nafuu wakipunguza pilipili, achari na kahawa.

Kwa madereva wa malori wanaongoja makontena Kipevu, na wa tuktuk wa Magongo na Chaani, tunaongeza mawili. Kukaa saa nyingi na kuzuia mkojo huamsha maumivu, basi wateremke wanyooshe miguu. La pili ni mirungi, na muguka ni mti huohuo. Utafiti uliofanywa Yemen ulionyesha kuwa hupunguza kasi ya mkojo kwa kuikaza shingo ya kibofu, yaani kinyume kabisa cha kazi ya ile dawa ya daktari.

Katika ibada, mwenye kuchuruzikwa na matone bila kukatika ana hukumu yake kwa Mashafii: hujisafisha, huziba, na hutawadha kila faradhi baada ya wakati wake kuingia. Ambaye tone humkatikia baada ya muda husubiri likatike. Amuulize sheikh wake, asije akaacha jamaa kwa wasiwasi.

Pa kuanzia ni hapa karibu, Hospitali ya Port Reitz. Wako wanaoona haya kuonekana langoni kwa kuwa hospitali hiyo inajulikana kwa wodi ya maradhi ya akili. Mke akifuatana na mumewe, haya hiyo hupungua. Lakini mkojo ukiziba, ukiwa na damu, au maumivu yakija na homa na kutetemeka, asingojee miadi. Apelekwe usiku huohuo.