Nani Huivisha Kuyu?

Mstahimilivu hula mbivu, wahenga walisema. Lakini hawakutwambia ni nani aiivishaye. Jibu nililipata Hewani, upande wa Garsen, chini ya mkuyu ulioinamia Mto Tana.

Niliokota kuyu, nikalipasua, nikaona vijidudu, nikalitupa. Mzee wa Kipokomo niliyeketi naye akacheka. "Mdogo wangu, umewatupa wenye shamba!"

Naam, ni kweli tupu. Kuyu na tini ni ndugu: si tunda kama embe, bali ni kifuko kilichofumbata maua ndani. Upepo haufiki humo, wala nyuki. Afikaye ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama. Jike hujipenyeza kwa kitundu cha nchani, mbawa zikamkatika mlangoni. Huyapa maua chavua aliyoibeba, hutaga mayai, hufa. Wanawe wa kiume huzaliwa bila mbawa. Huwatobolea dada zao njia ya kutokea, kisha nao hufa. Hapo ndipo kuyu hulainika likawa tamu.

Utotoni, chuoni, tuliikariri sura ambayo Mola aapa kwa tini na zeituni. Sikupata kujiuliza ndani ya tini mna nini.

Wengine iliwapasa kujiuliza. Misri walipanda mkuyu huu huu tangu enzi za Mafirauni, lakini mchavushaji wake hayuko kule. Wakulima wakawa wanachanja tunda moja moja kwa kisu ili liive. Huko Smyrna, Uturuki, hutundika matunda ya mtini-mwitu juu ya mitini ya shamba, nyigu wapate kuvuka. California walipanda mitini ya Smyrna, tini zikapukutika changa miaka na miaka, hata nyigu alipoletwa akakaa, mwaka 1899.

Hewani kazi hiyo hufanyika bure. Lakini nyigu huishi siku moja au mbili tu; akitoka, sharti aukute mkuyu mwingine wenye makuyu machanga. Bahati njema, mikuyu haizai kwa pamoja: huu ukimaliza, ule waanza. Basi akataye mkuyu mmoja huwa amevunja daraja. Hata mbega mwekundu wa Tana, asiyepatikana penginepo duniani, hula makuyu hayo.

Mzee alinionyesha kisiki ng'ambo ya mto, asiseme neno. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Nikaokota kuyu jingine. Nikalipasua, nikalipuliza, nikala.