Kioo cha kompyuta ya gemu: tuanze na mashine

Mpunga wa Majimoto unapokwisha kuuzwa, maswali ya namna mbili huongezeka katika ofisi ya kamati yetu. La kwanza ni la ada za shule. La pili, ambalo zamani lisingefika msikitini, ni la wazazi wanaotaka kujua kama kioo cha kompyuta alichokitaja kijana wao, kile kiitwacho 4K, kinastahili fedha zinazotakiwa. Hatuoni haya kulijibu. Mzazi anayependa mwanawe acheze gemu nyumbani, mama yake akimwona, kuliko akeshe kwenye vibanda ambako vijana huwekeana fedha juu ya matokeo ya mechi, ana sababu tunayoielewa sote. Lakini fedha hizo ni zile zile za mbegu na matibabu, na kioo kinaweza kuzila bila kumpa kijana kile alichokitarajia.

Ndugu msomaji, picha ya kioo chochote imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli, kama ukili unavyosukwa kwa chane: kadiri chane zinavyokuwa nyembamba ndivyo maua ya mkeka yanavyotoka maridadi. Kioo cha kawaida, kiuzwacho kwa jina la Full HD au 1080p, kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Kinachokifuata, 1440p, kina 2,560 kwa 1,440, takriban milioni 3.7. Kile cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3, na hizo ni mara nne kamili ya kile cha kawaida. Muuzaji hukomea hapo, naye husema kweli: nukta ni nyingi zaidi na picha ni kali zaidi.

Asilolisema ni kwamba nukta hazijichori zenyewe. Kuna kadi ya grafiki ndani ya kompyuta, nayo ndiyo inayopaka rangi kila nukta, upya, mara kadhaa katika kila sekunde. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, kioo cha 1080p huidai kadi nukta milioni 124 katika sekunde hiyo moja. Kioo cha 4K huidai karibu milioni 500. Kadi isiyoweza kazi hiyo haisemi kwamba imeshindwa. Huanza kutoa picha 20, picha 15, na mchezaji wa mpira anayekimbia pembeni huonekana akirukaruka kama panzi. Basi yatupasa kuanza na mashine, kisha kioo kifuate.

Mashine nyingi tunazoziona katika nyumba za hapa ni kompyuta za ofisi zilizotumika nje na kununuliwa Kariakoo, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk, kisha zikaongezewa kadi. Kadi ya GTX 1650, iliyotoka 2019 na yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, hupendwa kwa sababu nyingi katika aina zake hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Hiyo ni kadi ya 1080p. GTX 1060 ya 2016 na RX 580 ya 2017 nazo ni za 1080p, na hulifanya jambo hilo vizuri. RTX 3060 ya 2021, yenye gigabaiti 12, huweza kubeba 1440p kwa gemu nyingi. Ama 4K kwa gemu mpya nzito, hiyo hudai kadi ambayo bei yake peke yake hupita bei ya kompyuta nzima ya kijana wetu, pamoja na kisanduku cha umeme kikubwa kuliko kile kilichokuja na mashine ya ofisi. Wala kijana asidhani kuwa 1080p ni unyonge. Duka la gemu la Steam huchapisha kila mwezi takwimu za kompyuta za wateja wake duniani, na kwa miaka mingi kioo cha 1,920 kwa 1,080 ndicho kilichoongoza.

Kuna wanaosema: tununue kioo kikubwa sasa, kadi itafuata mwakani, na gemu tuishushe kwa muda hadi 1080p. Hoja hii ina uzito kidogo, ila ina mtego. Nukta 1,080 haziingii sawasawa katika 1,440. Kila nukta ya gemu hulazimika kutandazwa juu ya nukta moja na theluthi, na picha hutoka kama imepakwa mafuta. Katika 4K hesabu huingia sawa, kwani kila nukta moja huwa nne, japo vioo vingi hulainisha picha hata hivyo, na mtu hulipia nukta milioni 8 ili atazame milioni 2. Zipo pia njia za programu, FSR ya kampuni ya AMD na DLSS ya NVIDIA, ambazo huchora picha ndogo na kuikuza kwa ustadi. Baadhi ya matoleo ya FSR hufanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine. Husaidia, lakini si sababu ya kununulia kioo.

Ukubwa nao una hukumu yake. Inchi 24 kwa 1080p hutoa nukta 92 katika kila inchi, nayo ni picha safi kwa mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja. Nukta zile zile zikitandazwa kwenye inchi 27 hubaki 82, na ukingo wa kila herufi huanza kuonekana kama meno ya msumeno. Inchi 27 huipendeza zaidi 1440p, nukta 109. Ushauri wetu kwa nyumba nyingi za hapa ni inchi 24 ya 1080p, na kwa mwenye kadi ya RTX 3060 au iliyo juu yake, inchi 27 ya 1440p.

Fedha iliyookolewa kwenye nukta iende kwenye kasi. Kioo hubadili picha yake mara kadhaa kwa sekunde, na idadi hiyo huitwa hezi, ambayo kwenye mipangilio huandikwa Hz. Vioo vya ofisi vilivyotumika karibu vyote ni vya hezi 60, ambapo picha mpya huja kila baada ya milisekunde 16.7. Kioo cha hezi 144 huileta kila baada ya milisekunde 6.9. Mcheza mpira na mcheza gemu za mbio wataiona tofauti hiyo kabla hawajaiona tofauti ya nukta.

Hata hivyo ipo kazi moja ambayo nukta nyingi hulipa thamani yake bila mabishano, nayo ni kusoma maandishi ya Kiarabu yenye irabu. Fat-ha, kasra na shadda ni alama ndogo mno, na kwenye kioo kikubwa chenye nukta chache hugandamana hadi mwanafunzi asijue asome nini. Katika nyumba ambamo kompyuta moja ni ya gemu kwa kaka, ya masomo kwa dada na ya kusomea tafsiri kwa baba, hilo liwekwe kwenye mizani. Mnunuzi akifika dukani aombe kufunguliwa ukurasa wa Kiarabu wenye irabu kwa ukubwa wa kawaida wa kusomea. Kipimo hicho hakihitaji fundi.

Tuje kwenye waya, mahali ambapo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Katika nyumba moja hapa kwetu tulikuta kioo cha 4K cha inchi 27, kipya, kimeunganishwa kwenye kompyuta ya ofisi iliyoongezewa kadi. Mshale ulikuwa ukikokoteka, gemu haichezeki, na kijana alikuwa ameshaamini kwamba kadi aliyouziwa ni mbovu, naye alikuwa akitafuta wa kumuuzia kwa bei ya hasara. Kadi ilikuwa nzima. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la ubao mama, juu, karibu na matundu ya USB, badala ya tundu la kadi lililo chini yake, kwenye safu iliyolala. Kadi ilikuwa imekaa bure tangu siku iliyofungwa, na picha yote ilikuwa ikitoka kwenye sehemu ndogo ya grafiki ya mashine yenyewe. Kuhamisha waya kulichukua muda mfupi kuliko kuuliza salamu za nyumbani.

Na tundu la ubao mama wa zamani lina kizuizi kingine. HDMI ya toleo la 1.4 hupitisha picha ya 4K kwa hezi 30 tu. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, hufikisha 60, na la 2.1, la mwaka 2017, huvuka 120. DisplayPort ya toleo la 1.2 hufikisha 4K kwa hezi 60, na 1.4 hufika 120. Kwa kioo cha 1440p cha hezi 144, DisplayPort ndiyo njia isiyo na maswali. Kompyuta za ofisi mara nyingi zina DisplayPort bila HDMI, hivyo watu hununua adapta, na hapa pana jambo la kukumbuka: adapta rahisi hupeleka picha kutoka DisplayPort ya kompyuta hadi HDMI ya kioo, lakini haigeuzi njia. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya kioo inahitajika adapta ya aina nyingine yenye saketi yake, ambayo mara nyingi huja na waya wa USB wa kuipa umeme. Kuuliza neno hili dukani ni bora kuliko kurudi Mpanda mara ya pili.

Waya ukishakaa mahali pake, kazi haijaisha. Kioo cha hezi 144 kikiunganishwa, Windows mara nyingi hukiacha kwenye hezi 60, na wapo wanaokitumia hivyo bila kujua. Bofya kitufe cha kulia cha panya mahali patupu kwenye kioo, fungua mipangilio ya onyesho, teremka hadi mipangilio ya juu ya onyesho, na uchague hezi kubwa kuliko zote zilizoorodheshwa. Hakikisha pia kwamba idadi ya nukta ni ile ya kioo chenyewe. Kwa 4K ya inchi 27 maandishi yatakuwa madogo kama chawa, hivyo ukuzaji uwekwe asilimia 150. Kama kioo kina FreeSync au G-Sync, washa kwenye menyu ya kioo na kwenye programu ya kadi. Kazi yake ni kukifanya kioo kiisubiri kadi, ili picha isikatike katikati pale kadi inapolemewa. Kwa mashine dhaifu hiyo ni neema kuliko nukta.

Mwangaza wa kiwandani ni mkali kupita kiasi, kwa sababu umewekwa ili kushindana dukani. Shika karatasi nyeupe kando ya kioo usiku, taa ya chumba ikiwaka, na uteremshe mwangaza hadi weupe wa kioo ukaribiane na wa karatasi. Kioo kisielekee dirisha wala kisiwe na dirisha nyuma yake, ukingo wake wa juu uwe sawa na macho, na mtoto akae umbali wa mkono. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho mbali, kama hatua nane hivi, kwa sekunde 20. Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 halipendekezi kabisa kumkalisha mtoto wa mwaka mmoja mbele ya kioo, na kwa wa miaka 2 hadi 4 lasema isizidi saa moja kwa siku. Ndiyo maana sisi twapendelea kioo kikae sebuleni kuliko chumbani. Sebuleni adhana husikika na chakula huonekana.

Umeme ni mlango wa mwisho wa hasara. Kioo chenyewe hakili sana: cha wati 40 kikiwashwa saa 4 kwa siku hutumia takriban uniti 5 kwa mwezi, na mlaji halisi ni kadi. Tatizo ni kuyumba, umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Stabilaiza huulinda mzigo dhidi ya kupanda na kushuka. UPS huongeza dakika chache za kuzima kwa utulivu. Kama fedha inatosha kioo cha 4K bila kinga, au cha 1080p pamoja na kinga, jibu letu ni la pili. Vioo vilivyotoka Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, na sote tumeona watu wakichokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili iingie. Kufanya hivyo hukiacha chombo bila waya wa ardhi. Nunua waya mwingine wenye plagi ya miguu mitatu. Ule unaoingia kwenye kioo chenye tundu la kawaida ni sawa na wa kompyuta. Kibandiko cha nyuma kisome volti 100 hadi 240.

Kabla ya kulipa, kioo kiwashwe kwa nusu saa, kipitishwe rangi nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, moja moja, ili nukta zilizokufa zijitokeze, kisha muuzaji aandike kwenye risiti kasoro anayoijua na siku za dhamana. Njiani kutoka Mpanda kupitia Sitalike na Kibaoni kioo kisafiri kikiwa kimesimama, uso wake ukielekea kwenye godoro au mto, wala kisilazwe chini ya magunia. Boksi na sponji zake zitunzwe juu ya kabati mpaka dhamana ipite, kwani maduka mengi hayakipokei kioo kilichorudishwa bila boksi.