Pointi za Likizo na Madaraja ya Vyumba: Namna Usiku Mmoja wa Mapumziko Unavyopimwa

Umiliki wa zamu ni utaratibu ambao watu wengi hushirikiana kumiliki makazi yaleyale ya mapumziko, kila mmoja akiwa na haki ya kuyatumia kwa sehemu tu ya mwaka. Utaratibu huu ulianza Ulaya katika miaka ya 1960, na kampuni ya Hapimag, iliyoundwa Uswisi mwaka 1963, huhesabiwa miongoni mwa waasisi wake. Katika sura yake iliyozoeleka zaidi, mnunuzi alikabidhiwa juma moja maalumu katika nyumba moja maalumu, na juma hilo lilimrudia kila mwaka, awe na nafasi ya kusafiri au asiwe nayo. Ugumu huo wa kalenda ndio uliofungua njia kwa mfumo wa pointi, ambao leo umeenea, na ambao wanunuzi wengi huuingia bila kuuelewa sawasawa.

Pointi si fedha, ingawa hununuliwa kwa fedha na huelekea kuzungumzwa kana kwamba ni fedha. Pointi ni kipimo cha kugawia usiku: uwezo wote wa jengo, yaani vyumba vyake vyote kwa siku zote za mwaka, hugeuzwa kuwa jumla moja ya pointi, kisha kila mwanachama hupewa fungu lake katika jumla hiyo mwaka baada ya mwaka. Disney Vacation Club, iliyoanza huko Florida, Marekani, mwaka 1991, ni mfano mzuri wa mfumo huu. Mnunuzi wake husajiliwa kisheria kuwa mwenye sehemu ndogo ya jengo fulani lililotajwa kwenye hati, na jengo hilo huwa ndilo kituo chake cha nyumbani. Haki hiyo si ya milele. Kwa mfano, katika makazi ya Animal Kingdom Lodge humalizika tarehe 31 Januari 2057, na baada ya hapo mwanachama habaki na chochote cha kurithisha.

Hoteli hiyo ya Animal Kingdom Lodge inafaa kutazamwa kwa karibu, na msomaji wa Kiswahili hatakuwa mgeni kabisa ndani yake. Ilifunguliwa mwaka 2001 katika eneo la Walt Disney World, na makazi yake ya wanachama yapo katika majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, huku migahawa yake ikiitwa Jiko, Boma na Sanaa, na mojawapo ya mbuga zake za kutengenezwa, wanamolishwa twiga na pundamilia, ikiitwa Arusha. Bei ya usiku mmoja humo hutokana na mambo matatu yanayosomwa kwa pamoja katika jedwali liitwalo chati ya pointi.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa makazi. Studio ni chumba kimoja chenye jiko dogo la kupashia chakula; nyumba ya chumba kimoja cha kulala huongezewa sebule, jiko kamili na mashine ya kufulia; kisha hufuata nyumba ya vyumba viwili na ile kubwa ya vyumba vitatu. Jambo la pili ni daraja, ambalo kwa sehemu kubwa huamuliwa na kile kinachoonekana dirishani. Mwenye daraja la mbuga huamka akiwaona wanyama kutoka roshani yake, ilhali mwenye daraja la kawaida huweza kutazamana na bwawa la kuogelea au maegesho ya magari. Jambo House ina pia daraja nafuu, ambalo vyumba vyake ni vidogo kidogo na pointi zake ni chache, lakini idadi yake ni ndogo mno, kwa hiyo huisha mara tu uwekaji nafasi unapofunguliwa. Jambo la tatu ni wakati: Krismasi hugharimu kuliko majira ya watu wachache, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi huwa ghali kuliko usiku mwingine wa juma.

Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, kwamba mwanachama ana pointi 160 kwa mwaka. Studio ya daraja nafuu ikitoza pointi 10 kwa usiku, atalala siku 16. Studio ya upande wa mbuga ikitoza 20, atalala siku 8. Na studio hiyohiyo ikipanda hadi 27 wakati wa sikukuu, atapata siku 5 na kubakiwa na pointi 25 zisizotosha usiku wa sita. Umiliki ni uleule katika hali zote tatu, kinachobadilika ni dirisha na tarehe.

Kwa kuwa jumla ya pointi za jengo haiongezwi baada ya kutangazwa, chati inaweza kupangwa upya, lakini nafuu inayotolewa katika msimu mmoja hulipwa kwa nyongeza katika msimu mwingine. Upo pia mpangilio usioonekana kwa haraka. Baadhi ya nyumba za vyumba viwili zina mlango wa ndani ambao, ukifungwa, huzigawa kuwa studio na nyumba ya chumba kimoja, na sehemu hizo mbili zikichukuliwa mbalimbali, pointi zake kwa pamoja huzidi zile za nyumba nzima.

Ukishajua bei, kinachobaki ni foleni. Mwanachama huruhusiwa kuweka nafasi katika kituo chake cha nyumbani miezi 11 kabla ya kufika, na katika vituo vingine miezi 7 kabla, ikiwa bado kuna kilichobaki. Pointi zake huingia mara moja kwa mwaka katika mwezi uliotajwa kwenye mkataba, na kipindi cha miezi 12 kinachoanzia hapo huitwa mwaka wa matumizi. Asipozihitaji, anaweza kuziweka akiba kwa ajili ya mwaka unaofuata, mradi afanye hivyo ndani ya miezi 8 ya kwanza. Akipungukiwa, anaweza kukopa zile za mwaka ujao. Zilizowekwa akiba haziwekwi akiba mara ya pili, na zisipotumika hupotea.

Ada ya mwaka ya uendeshaji na matengenezo, kwa upande wake, haipotei kamwe: hukokotolewa kwa kila pointi, hudaiwa hata kwa mwaka ambao mwanachama hakusafiri, na huweza kupanda kadiri gharama za jengo zinavyopanda.

Kwa hiyo, anayeuliza bei ya pointi moja peke yake hajauliza lolote la maana. Maswali yenye uzito ni haya: kila daraja lina vyumba vingapi, nani hutangulia kuvichagua, na tarehe ambazo familia yake inaweza kusafiri zinatozwa kiasi gani. Sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila adhabu, na ile ya Umoja wa Ulaya siku 14. Siku hizo zitumike kusoma chati ya pointi mstari kwa mstari, si kutazama picha za brosha.