Chuma cha Buhaya na mipaka ya zama

Mgawanyo wa Zama za Mawe, Zama za Shaba na Zama za Chuma ulianzia kwenye makumbusho ya Copenhagen. Mwaka 1836 mtunzaji wake, Christian Jürgensen Thomsen, alichapisha mwongozo uliopanga vitu vya kale vya Denmark kwa kufuata malighafi ya zana. Kwa Denmark unafaa. Ukiuleta Bukoba na Muleba, huku Buhaya, nchi ya Wahaya, zama za katikati hazipo: hapa watu walitoka kwenye mawe wakaingia kwenye chuma, bila kupitia karne za shaba iliyochanganywa na bati.

Asidhani mtu kwamba hilo ni pengo. Kutoa chuma kwenye mawe yake ni kazi ngumu kuliko kuyeyusha shaba, na watu wa Buhaya waliimudu mapema. Tanuri za Kemondo, huku huku Buhaya, ni za karne za mwanzo baada ya Kristo, wakati Dola ya Roma ikitawala pwani zote za Mediterania. Pamoja na chuma huonekana vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali fulani Siaya, Kenya, na vinavyopatikana pia Rwanda na Uganda.

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya walioijua kazi ya kutoa chuma wajenge tanuri upya. Wazee walichimba shimo wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa, wakainua ukuta kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, wakapenyeza mabomba ya udongo, kisha mivukuto ikaanza. Joto lilipita nyuzi 1,300 za Selsiasi. Mwaka 1978 watafiti hao waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa. Baadhi ya wataalamu wa metali walilipinga dai hilo, na ubishi wao una msingi. Kinachonivutia zaidi ni matete: kaboni yake ilikutana na uowevu uliodondoka shimoni na kusaidia chuma kujitenga. Alama za matete zimeonekana hata kwenye mavi ya chuma ya kale.

Neno jingine linalohitaji kuangaliwa ni “kabla ya historia”. Vitabu huweka mpaka wake kwenye maandishi: pasipo maandishi, hapana historia. Katuruka, katika Maruku, mpaka huo haushiki. Wazee wa hapo walisimulia kwamba Rugomora Mahe, mtawala wa ufalme wa Kiamtwara wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Walionyesha na mahali pa uhunzi, palipokuwa na mti mtakatifu wa Kaiija. Schmidt alipochimba mwaka 1970, alikuta masalia ya kazi ya chuma yaliyomtangulia mfalme huyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Baadhi ya vipimo vya mkaa vinarudi hata kabla ya Kristo. Vipimo hivyo hupokewa kwa tahadhari, kwa kuwa mti wa kale ukichomwa huongeza umri wa tanuri.

Simulizi, basi, lilikosea mfalme lakini halikukosea mahali. Naliita hilo historia, kwa maana kamili, kwa sababu lilitoa habari iliyoweza kupimwa kwa jembe, na ikathibitika.