Tufani ya Unguja na Kimbunga cha Lindi

Mnamo Mei 3, 2024, Rais William Ruto alipoahirisha ufunguzi wa shule kwa sababu ya mafuriko na tahadhari ya Kimbunga Hidaya, wanafunzi wengi huku Machakos walistaajabu. Staajabu hiyo ilikuwa na msingi. Upepo wa aina hiyo hupata mzunguko wake kutokana na mzunguko wa dunia, na athari hiyo ni hafifu mno karibu na ikweta. Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia siku iliyofuata, kikiwa kimepungua nguvu.

Hata hivyo, pwani ya Waswahili imewahi kupigwa vibaya mara mbili, na kwa sadfa ya ajabu tarehe ilikuwa moja: Aprili 15, 1872, mjini Unguja, na Aprili 15, 1952, mjini Lindi.

Tufani ya Unguja ilimkuta Seyyid Barghash hajatimiza miaka miwili katika kiti cha enzi. Merikebu zake ziliangamia bandarini. Mashambani, inakadiriwa kwamba thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi iling'olewa au kuvunjika. Nyumba hujengwa upya kwa miezi. Mkarafuu huhitaji miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Pemba, ambayo kwa kiasi kikubwa ilisalimika, ikachukua nafasi ya kwanza katika kilimo cha karafuu, na haijaiachia tangu hapo. Na kupanda upya kulihitaji mikono. Sir Bartle Frere alipofika mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa baharini ikomeshwe, hasara ya tufani ilikuwa miongoni mwa hoja za Barghash za kukataa. Alitia sahihi Juni mwaka huohuo, baada ya kutishiwa kwa manowari.

Lindi haikuwa na sultani wala merikebu za kifalme. Watu 34 walifariki, na nyumba nyingi zikabomoka. Mji wenyewe ulikuwa tayari unapungukiwa na hadhi, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa ikijenga bandari ya kina kirefu Mtwara. Si haki, basi, kukitwika kimbunga lawama yote ya kudidimia kwake.

Hapo ndipo ulinganishi unaponikera. Katika habari za 1872 hesabu inayorudiwarudiwa ni ya miti. Katika habari za 1952 ni ya watu. Wale waliofia mashambani Unguja, wengi wao watumwa, hawakupata tarakimu ya kukaririwa darasani. Nao wa Lindi, ingawa walihesabiwa, hawakupata sura katika vitabu, kwa kuwa msiba wao haukutikisa bei ya kitu chochote London wala Bombay.

Hata neno tunalolitumia lina lake la kusema. Tufani latokana na Kiarabu, ambako maana yake ni gharika, kama ile ya Nabii Nuhu. Yaani maji, wala si upepo. Wakazi wa Beira, waliopigwa na Idai mwezi Machi 2019, wangelielewa upesi.

Mwalimu wa historia anayetaka kazi ya mradi kwa wanafunzi wake asichelewe. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Lindi mwaka ule alizaliwa 1942, na baadhi yao wangali hai.